Pikapu ilipotetemeka, nilimlaumu asiye na hatia

MPENZI msomaji, je, umewahi kumwita mtu mwongo mbele ya mama yake, kisha ukaja kugundua kwamba aliyekosea ni wewe? Mimi nimewahi. Tena mama huyo ni mama yangu pia, kwa sababu niliyemwita mwongo ni ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu. Kilichotugombanisha ni pikapu kuukuu ya familia, ambayo alidai kwamba hutetemeka kila ifikapo mwendo wa kilomita 80 kwa saa.

Nakusimulia kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, magari yanayotetemeka ni mengi katika barabara zetu, na pesa wanazotupa wenyewe kwa kubadilisha vipuri visivyo na kasoro ni nyingi vilevile. Pili, ningependa ujifunze kabla hujalipa gharama niliyolipa mimi, ambayo haikuwa ya shilingi pekee.

Pikapu hiyo tuliachiwa na marehemu baba. Alipofariki mwaka wa 2019, jamaa walitushauri tuiuze, lakini mama alikataa katakata. Alisema kwamba gari hilo ndilo lililotusomesha sote, na kwamba mtu hauzi jembe lililomlimia. Basi tukakubaliana hivi: mimi niliye na kazi ya mshahara hapa Nairobi ningetunza stakabadhi zake, nilipie bima na matengenezo. Ndugu yangu, ambaye alikuwa amemaliza shule na hajapata kazi, angehamia kwangu Umoja aendeshe biashara. Jumatatu na Alhamisi alasiri angepanda hadi kwetu Njabini, katika Kinangop, apakie kabichi na viazi, kisha ateremke usiku ili kupambazuke akiwa Marikiti. Siku zilizosalia, pikapu ingekuwa yangu ya kupeleka watoto shuleni na kununulia mahitaji ya nyumbani.

Mambo yalikwenda vyema. Kutokana na kabichi hizo mama alipata dawa zake za presha, mimi nikapata kijisehemu cha karo, na kijana akapata cha mfukoni. Mwezi wa Septemba 2023 klachi ilikwisha. Fundi aliyekuwa akimtengenezea baba gari kwa miaka mingi yuko Kariobangi Light Industries. Hata hivyo, gereji moja jirani iliniahidi kuifanya kazi hiyo kwa bei ambayo ilikuwa chini kwa shilingi 4,000. Nikaenda kwa jirani. Jioni nilijisifu mezani kwamba nimeokoa pesa, na watoto wakala soseji.

Maneno ya jioni ile

Mwezi wa Oktoba mama aliteremka Nairobi kuonana na daktari. Tukiwa mezani, ndugu yangu alisita kidogo kisha akasema, "Dada, hili gari si zima. Likifika themanini linaanza kutetemeka. Hata vioo vya pembeni huoni kitu."

Nilimtazama kwa jicho la pembe. "Gari hilo hilo ninaloendesha mimi kila siku?"

"Hilo hilo."

"Mbona mimi halijanitetemekea hata siku moja?"

Hakuwa na jibu, nami nikachukulia kukosa jibu kuwa ndilo jibu lenyewe. Nilimwambia anapakia kupita kiasi. Nilimwambia analikimbiza kama matatu na kulitumbukiza katika kila shimo la barabara, na sasa anatafuta kisingizio kabla halijaharibika kabisa. Nikaongeza kwamba kama kazi imemshinda, madereva wanaotafuta kazi ni wengi jijini. Alinyanyuka taratibu, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kando ya sahani yake, akaenda kulala.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Alipokuwa akikusanya vyombo alisema tu, "Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti." Nilimwelewa, lakini nilijifanya sikusikia.

Hebu nikuulize, msomaji. Mimi gari hilo niliendesha wapi? Kutoka Umoja hadi shuleni, kutoka shuleni hadi kazini, kutoka kazini hadi sokoni. Katika njia hizo zilizojaa magari na matuta, mtu akifika kilomita 50 kwa saa amebahatika, na ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa mijini. Sikuwa nimefika themanini tangu mwezi wa Agosti. Nilikuwa nikitoa ushahidi kuhusu mahali ambapo sijawahi kufika.

Pesa za bure

Ili kumnyamazisha, nililipeleka gari gereji nyingine. Makanika alilitazama huku akichokonoa meno, akaniambia, "Hiyo ni giaboksi, madam. Tafuta elfu arobaini na nane." Sikuwa nazo. Wa pili alisema tatizo ni mizani ya magurudumu. Yalipimwa yote manne kwa mashine na kubandikwa vile vyuma vidogo vya risasi, nikalipa shilingi 1,200. Wa tatu alibadilisha tairodi kwa shilingi 9,500. Wa nne aliapa kwamba shoki za nyuma zimekufa, nazo zikanigharimu 14,000. Jumla ilikuwa shilingi 24,700, na nyingi zilitoka katika karo ya Januari ya kifungua mimba wangu.

Kila mara nilimkabidhi ndugu yangu ufunguo nikisema, "Haya, sasa limepona." Na kila mara alirudi alfajiri akiwa amechoka, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, bado." Nilianza kuamini kwamba kijana huyu amechoka na kazi na anataka kunitoroka.

Alhamisi moja ya Novemba alinishangaza. Hakubishana. Aliniambia, "Dada, leo njoo tupande pamoja." Nikaomba ruhusa kazini, nikaingia garini nikiwa na shingo ngumu.

Kinoo tulipita, Kikuyu tukapita, gari likiwa tulivu kama maji mtungini. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga maneno ya kumshinda. Mbele ya Limuru barabara ilipofunguka, mshale ulipanda sabini, sabini na tano, themanini. Lahaula! Ilikuwa kana kwamba mtu amewasha mashine ya kusaga chini ya kiti changu. Sarafu zilizokuwa kwenye dashibodi zilianza kulia. Kioo cha pembeni kilifanya ukungu, lori lililotufuata likawa malori matatu. Lakini usukani mikononi mwa ndugu yangu ulikuwa umetulia. Mtikisiko wote ulikuwa katika kiti na sakafu, ukinipanda miguuni hadi kwenye meno. Alipunguza mwendo hadi sitini, ukaisha. Akarudi themanini, ukarudi.

Hakuniambia kitu. Nami nilitazama mashamba ya chai nje ya dirisha, maana sikuweza kumtazama yeye. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Maswali ya mzee

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Kariobangi kwa fundi wa baba. Ni mzee wa miaka sabini hivi, na vidole vyake haviishi grisi hata akienda kanisani. Nilitarajia alale chini ya gari mara moja. Badala yake aliketi juu ya tairi kuukuu, akaanza kuuliza maswali kama daktari.

"Linatetemeka likifika mwendo gani?"

Nikafungua kinywa, lakini aliyejibu ni ndugu yangu. "Kuanzia sabini na nane hivi, mzee. Likipita tisini na tano linapungua."

"Unasikia wapi? Mikononi, makalioni au miguuni?"

"Makalioni na miguuni. Usukani hautikisiki."

"Ukikanyaga breki?"

"Hakuna tofauti, ila kwamba mwendo unapungua."

"Ukiwa na mzigo?"

"Linazidi, mzee, na linavuma kwa sauti nzito."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanigeukia. "Mama, huyu kijana analijua gari lake. Nusu ya kazi amekwisha kuifanya."

Msomaji, natamani ungeniona nilivyojikunyata. Majibu ambayo nilikuwa nimeyaita visingizio kwa majuma sita ndiyo yaliyokuwa dawa. Mzee alinieleza maana ya kila moja, nami nayaandika hapa jinsi nilivyoyaelewa.

Mtikisiko unaosikika mikononi, katika usukani, aghalabu hutoka magurudumu ya mbele. Unaosikika kitini na sakafuni mara nyingi hutoka nyuma, au katika shafti iliyo chini ya gari. Unaokuja tu ukikanyaga breki huelekeza lawama kwa diski au ngoma za breki zilizopindika. Na unaofuata mngurumo wa injini, hata gari likiwa limesimama, si wa magurudumu kamwe, bali ni wa injini yenyewe, klachi au mipira inayoishikilia injini.

Nilimuuliza kwa nini gari litulie hamsini na kuchachamaa themanini. Alichukua chaki akapiga hesabu sakafuni. Gurudumu la pikapu likizunguka mara moja, gari husonga mbele mita 2.2 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari husonga zaidi ya mita 22 kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka kama mara kumi kwa sekunde moja. Ikiwa upande mmoja wa rimu ya inchi 15 umezidi mwenzake kwa gramu 30 pekee, uzito huo mdogo huvuta kwa nguvu inayoshinda ile ya kubeba pakiti ya unga ya kilo mbili, tena mara kumi kila sekunde. Punguza mwendo hadi arobaini, na nguvu hiyo haipungui nusu, bali inabaki robo. Ndiyo sababu kasoro ambayo haisikiki mjini huwa vurugu katika barabara kuu.

"Na mbona likipita tisini na tano linapungua?" niliuliza.

"Umewahi kumsukuma mtoto kwenye pembea?" naye akauliza. "Ukisukuma kwa wakati wake, anapaa. Ukisukuma ovyo ovyo, pembea inakataa. Kila chuma kina wakati wake wa kupaa."

Kuondoa mmoja mmoja

Hapo ndipo alipoanza kazi, na aliianza kwa kitu ambacho hakuna fundi kati ya wale wanne aliyeanza nacho: nati za magurudumu. Alizijaribu moja baada ya nyingine kwa spana. Alisema kwamba gari likitetemeka ghafla, kabla ya jambo lingine lolote simama pembeni utazame nati, maana nati zilizolegea huanza kwa mtikisiko na kuishia kwa gurudumu kumpita dereva barabarani. Zikifungwa, zifungwe kwa kuvuka, kutoka moja hadi ile ya upande wa pili, wala si kwa kuzunguka duara, kisha zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita mia hivi. Zetu zilikuwa imara.

Kisha aliinua gurudumu moja moja kwa jeki, akaweka vigingi chini ya gari ili lisimwangukie. Alipitisha kiganja juu ya matairi akitafuta uvimbe, kwa sababu tairi ambalo nyuzi zake zimeachana ndani hutoa nundu ambayo jicho halioni upesi. Alitazama ndani ya rimu kama kumeganda matope. "Tope la Kinangop likikaukia ndani ya rimu, hiyo balansi uliyolipia imekwisha," alisema. Aliegesha ncha ya chaki karibu na rimu, akalizungusha gurudumu polepole. Rimu iliyopinda hukaribia chaki upande mmoja na kuikimbia upande wa pili. Zetu hazikupinda. Mwisho alihamisha magurudumu ya nyuma yakaja mbele, na ya mbele yakaenda nyuma. "Tukitoka barabarani na mtikisiko umehamia kwenye usukani, mwizi ni gurudumu. Ukibaki kitini, tumwache gurudumu aende nyumbani."

Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, tulitoka sote watatu hadi barabara kuu ya Thika, mbele ya Juja. Ndugu yangu aliendesha, mzee akiwa kando yake, nami nikabanwa katikati. Kwa kilomita 85 kwa saa mtikisiko ulikuja kama kawaida, na ulikuja palepale kitini. Basi si magurudumu. Kumbuka, msomaji, kwamba jaribio hilo halikutugharimu hata senti.

Mzee akamwambia kijana atoke gia ya tano aingie ya nne bila kubadilisha mwendo. Injini ilipandisha sauti, lakini mtikisiko ulibaki vilevile. Kisha, barabara ikiwa tambarare na hakuna gari nyuma wala mbele, alimwambia aingize nyutro kwa sekunde chache, gari liserereke lenyewe. Injini ilishuka ikanong'ona. Mtikisiko ulipungua kidogo tu. (Ukitaka kufanya jaribio hili, usilifanye kwenye mteremko, na usithubutu kuzima injini, kwa sababu breki na usukani hutegemea msaada wake.)

"Umeona?" mzee aliniuliza. "Injini imelala na kitu bado kinatikisika. Kwa hiyo si injini, si klachi, wala si yale mambo ya elfu arobaini na nane. Ni kitu kinachofuata mwendo wa gari, na si gurudumu. Kimebaki kimoja."

Shafti iliyorudishwa kinyume

Kilichobaki ni ile ambayo mafundi wetu huiita propela, yaani shafti ndefu inayotoa nguvu kwenye giaboksi na kuzipeleka nyuma kwenye difu. Katika pikapu nyingi, gurudumu likizunguka mara moja, shafti hii huzunguka takriban mara nne. Yaani katika zile themanini zetu, ilikuwa ikizunguka mara arobaini kila sekunde chini ya makalio yetu. Ndiyo sababu hatukutikiswa kama mtu aliye juu ya punda, bali tulivumishwa kama mtu aliyekalia mzinga wa nyuki.

Tuliporudi Kariobangi mzee aliingia chini ya gari. Aliitikisa shafti juu na chini kusikiliza kama viungo vyake, wanavyoviita krosi, vimelegea. Havikulegea. Alikagua mpira wa beringi inayoishika shafti katikati, ukawa mzima. Alitafuta mbonyeo, hakuna. Kisha alichukua kitambaa akapangusa matope na grisi mahali ambapo kipande kimoja cha shafti huchomekwa ndani ya kingine. Akanyamaza kwa muda.

"Nani alifungua shafti hii?" sauti yake ilitoka chini.

Ndugu yangu alinitazama, kisha akatazama kando upesi ili asionekane amenitazama.

"Klachi," nilisema. "Septemba. Gereji ya jirani."

Mzee alitoka, akashika mikono yake miwili kama mtu anayekamua nguo. Alieleza kwamba huwezi kuteremsha giaboksi ufikie klachi bila kuifungua propela. Fundi mwangalifu hupiga alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili kabla ya kuvitenganisha, ili kila jino lirudi mahali pake. Huyu hakupiga. Alirudisha shafti jinsi ilivyomjia mkononi.

Kuna ubaya gani? Krosi ikiwa imepinda, shafti haizunguki kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Ndiyo sababu krosi hupangwa zikabiliane: mmoja akiharakisha, mwenzake anachelewa, na mwendo unatoka ukiwa umenyooka. Wakipishana, hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Zaidi ya hayo, kiwandani shafti hupimwa mizani ikiwa imeunganishwa, kwa hiyo kuigeuza ni kuvuruga mizani hiyo. Na gari likibeba mzigo, springi za nyuma hulala, pembe za krosi hubadilika, na mtikisiko huzidi. Ndugu yangu aliposema kwamba linazidi likiwa na kabichi, nami nikamjibu kwamba anapakia kupita kiasi, alikuwa akinieleza ukweli mtupu.

Niliuliza swali ambalo nililiogopa. Tungeendelea hivyo, ingekuwaje?

"Krosi zingekula zenyewe mapema," mzee alijibu huku akifuta mikono. "Na ya mbele ikikatika ukiwa themanini, shafti inaangukia lami ikiwa bado inazunguka. Inaweza kuchoma lami na kuinua gari. Inaweza kukata paipu za breki. Ukiwa usiku kwenye mteremko, na mzigo mgongoni..." Hakumaliza, wala sikumtaka amalize. Nilimwazia kijana yule wa miaka ishirini na minne akiteremka peke yake saa tisa za usiku katika ukungu wa Kimende, mara mbili kila juma, ndani ya gari aliloniambia si zima.

Kazi yenyewe haikuchukua saa moja. Mzee aliitoa shafti, akaigeuza mpaka krosi zikakabiliana, akaipaka grisi, akairudisha, kisha akapiga alama mbili za rangi nyeupe. Alinitoza shilingi 1,500. Jioni hiyo tulirudi barabara ya Thika. Mshale ulipanda themanini, themanini na tano, tisini. Sarafu zilikaa kimya kwenye dashibodi. Katika kioo cha pembeni lori lilikuwa moja.

Deni lililobaki

Shilingi 24,700 zilikuwa zimekwenda, nami nilizilipa kwa kuomba shule ya mwanangu ikubali karo kwa mafungu. Lakini nilikuwa na deni jingine. Garini, tukirudi, nilimwambia ndugu yangu, "Nisamehe." Alisema, "Yameisha, dada." Hata hivyo nilijua hayajaisha, kwa maana nilikuwa nimemvunjia heshima mbele ya mama, na tusi la mbele ya watu halioshwi faraghani.

Jumamosi iliyofuata tulipanda Njabini. Jikoni kwa mama, moshi ukituwasha macho, nilisimama nikasema yote: kwamba gari lilikuwa bovu kweli, kwamba aliyeliharibu ni mimi kwa kukimbilia urahisi wa shilingi 4,000, na kwamba kijana alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nilitoa ufunguo nikaupeleka mikononi mwake, sikuuweka mezani. Nikaongeza kwamba tangu siku hiyo, masuala ya matengenezo ataamua yeye, kazi yangu iwe kulipa. Mama alimimina chai. Kikombe cha kwanza alimpa yeye, ingawa mimi ndiye mkubwa.

Basi, mpenzi msomaji, gari lako likianza kutetemeka, usikimbilie mkoba. Simama kwanza utazame nati na matairi. Kisha jiulize: ni mwendo gani? Ni mikononi au kitini? Ni wakati wa breki, wa mzigo, au wakati wote? Nikibadilisha gia linabadilika? Na la mwisho, ambalo lingeniokoa majuma sita: ni kitu gani kilichofunguliwa kabla halijaanza? Andika majibu kwenye karatasi, umpelekee fundi. Akikutajia bei kabla hajauliza hata moja ya maswali hayo, mshukuru uende zako. Na akikubali kazi, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi.

Lakini kabla ya fundi, muulize yule anayeliendesha. Nyumbani mwako huenda yuko mtu anayesema kwa sauti ya chini kwamba kuna kitu si kizima. Pengine ni mtoto anayelalamikia shule, pengine ni kijakazi, pengine ni mzee anayelalamikia dawa. Usimwambie kwamba wewe hujasikia kitu. Keti karibu naye, umwambie aongeze mwendo mpaka mfike mahali anapopajua.